Mjomba, nataka kuacha kufunga maboksi nikajifunze kutengeneza mashine

BARUA

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka 36, naishi Lexington, Kentucky. Tulikimbia Fizi, Kongo, nikiwa mdogo, tukakaa kambi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka 18, Marekani tukafika mwaka 2016. Grini kadi ninayo.

Nafanya kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari, upande wa kufunga maboksi, shifti ya usiku. Naingia saa mbili usiku, natoka saa kumi na mbili asubuhi, Jumatatu hadi Alhamisi. Nililetwa na wakala, nikakaa miezi minane bila kujua kama kesho nipo, ndipo kiwanda kikanichukua. Nalipwa dola 18 na nusu kwa saa. Silalamiki, Mungu ni mwema, lakini nimefunga maboksi miaka sita na asubuhi naamka vidole vimekufa ganzi.

Sasa sikia kilichonifanya nikuandikie. Laini yetu ina tabia ya kusimama usiku wa Alhamisi. Taa inageuka nyekundu, sote tunakaa tumekunja mikono, anaitwa fundi wa matengenezo. Ni mzee mmoja Mzungu, karibu anastaafu. Anafungua kabati la umeme, anachomeka waya wa laptopu yake, anasoma, anakuna kidevu, halafu anakwenda kwenye lile jicho dogo linalohesabu maboksi na kulifuta kwa kitambaa. Laini inaanza. Hapo zimepita dakika 20, siku nyingine 40.

Mimi nilikuwa nimeshaona siku nyingi kwamba Alhamisi ndiyo siku ya kufungua mzigo mpya wa maboksi. Maboksi mapya yana vumbi la karatasi pale yalipokatwa, na vumbi lile linakwenda kuganda kwenye jicho. Nilimweleza suvaiza, msimamizi wetu, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, akacheka, akaniambia kazi yangu ni kufunga maboksi. Wiki iliyofuata nikamwambia yule mzee. Yeye hakucheka. Aliniangalia kidogo, akaniuliza, "Umejuaje?" Kisha akasema kuna chuo cha jamii hapa hapa wanafundisha kazi yake, miaka miwili, na kwamba yeye akiondoka hawana mtu. Kwenye ubao wa matangazo nimeona nafasi ya fundi kama yeye, dola 31 kwa saa. Tangazo lile lina miezi, karatasi imeanza kupauka.

Tangu hapo sina amani. Baba watoto anasema hicho si chuo, ni mahali pa watu walioshindwa chuo kikuu, na kwamba mwanamke mwenye grisi mpaka kwenye viwiko atamwaibisha. Yeye anaendesha foklifti kwenye ghala, shifti ya mchana. Akina mama wa kanisani wanasema kama nataka kusoma nisomee uuguzi kama wenzangu. Mjomba, mimi damu naiogopa. Siku mwanangu alipopasuka kidevu, yeye ndiye aliyenishika mimi nisianguke.

Halafu kuna karatasi. Nilimaliza sekondari kambini na Diplôme d'État ninayo, lakini jina lililoandikwa pale linatofautiana herufi mbili na la grini kadi, na tarehe ya kuzaliwa ya grini kadi ni Januari 1, kama ya nusu ya kanisa letu. Kuna shule moja ya binafsi inanipigia simu, wanasema karatasi si tatizo, nisaini mkopo tu nianze mwezi ujao. Na kila mwezi natuma dola 150 kwa kaka yangu aliyebaki Nyarugusu.

Kijana wangu wa kwanza ana miaka 17, ananiambia, "Mama, nenda." Wewe unasemaje?

Mama wa Watatu

JIBU

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale kwenye vumbi. Wengi wanaoniandikia habari za chuo huanza na mshahara wa fundi. Wewe umeanza na Alhamisi. Umeona mashine inasimama usiku mmoja wa wiki, ukajiuliza usiku huo una nini ambacho mwingine hauna, ukafuata mpaka ukafika kwenye boksi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Laptopu mtu hufundishwa. Nimefanya kazi na watu wenye vyeti vimejaa ukuta ambao wangelifuta jicho lile kila Alhamisi mpaka wastaafu, wasiulize vumbi linatoka wapi. Yule mzee aliyekuuliza "umejuaje" alikuwa anakufanyia usaili palepale, hukujua tu.

Kwa hiyo soma. Ila usiache kazi, usijitwike masomo yote kwa mkupuo, na kabla ya kuogopa Kiingereza uogope kwanza usingizi.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Nilianza chuo cha namna hiyo nikiwa na miaka 41, natoka shifti ya usiku moja kwa moja kwenda darasa la saa mbili asubuhi, nikiwa na kahawa tupu ya kituo cha mafuta kwenye kikombe cha karatasi. Wiki ya tano nilisinzia kwenye taa nyekundu. Sikugonga mtu. Nilizinduliwa na honi za nyuma yangu, mguu umeshaanza kuachia breki. Siku ileile nilikwenda ofisini kuacha masomo mawili kati ya matatu, na nilijisikia mjinga, lakini niliyemaliza ni mimi, na vijana watatu niliokuwa nawaonea wivu kwa kuchukua masomo matano hawakumaliza.

Wewe utoke saa kumi na mbili asubuhi, ulale saa mbili, watoto warudi saa tisa. Hapo hakuna nafasi ya masomo manne. Muhula wa kwanza chukua somo moja, na lisiwe la asubuhi. Kama kiwandani kuna njia ya kuhamia shifti ya mchana, omba hiyo kabla hata ya kuomba chuo. Utapoteza ile nyongeza ya usiku, najua, na itauma. Lakini masomo mengi ya ufundi kwa watu wazima yako jioni, na mengine nadharia unasoma nyumbani kwenye kompyuta, karakana unakwenda mara moja kwa wiki. Mtu wa mchana anayaweza hayo. Mtu wa usiku anayaweza kwa muhula mmoja, halafu mwili unadai.

Sasa usome nini? Ukifika pale watakuonyesha milango mitatu au minne, na yote inaitwa ufundi wa viwanda.

Kuna uchomeleaji, ambao wewe hukuutaja, nami naupita. Kuna kukereza na kuchonga chuma kwa mashine za CNC. Hapo mashine inaongozwa kwa mistari ya maandishi: G01 maana yake kata ukienda mstari ulionyooka, M03 zungusha, M30 tumemaliza. Ni kazi nzuri, ya mtu mtulivu anayependa kipimo. Siku yangu ya kwanza mwalimu alitupa kila mmoja kipande kidogo cha chuma na mikromita, akasema tupime unene. Mimi nilikuwa nimeshika tupa na jiriwa Chang'ombe, Dar es Salaam, kabla vijana wale hawajazaliwa, nikaona ananidharau. Nikaandika nusu inchi. Akanirudishia karatasi: anataka tarakimu nne baada ya nukta. Nikapima tena, nikapima tena, kila mara tarakimu ya mwisho inanikimbia. Akacheka kidogo, akasema, "Kiweke mezani ukiache." Nilikuwa nimekikumbatia kiganjani robo saa nzima, chuma kimepata joto la mkono, kimevimba. Vipimo vya viwandani duniani kote huhesabiwa kwa chuma chenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi, na kiganja cha binadamu hakiko huko. Nilirudi nyumbani usiku ule nikamweleza mke wangu habari ya chuma kuvimba mpaka akaniomba nizime taa.

Lakini wewe, kwa nilivyokusoma, mlango wako ni ule wa matengenezo, ambao vyuoni huitwa mekatroniki au matengenezo ya viwanda. Ni mchanganyiko: umeme, mota, hewa ya kubana, mafuta ya haidroliki, mikanda na beringi, na ile kompyuta ngumu iliyofungwa ndani ya kabati ambayo mzee wako anaichomekea waya. Inaitwa PLC. Zilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa sababu General Motors walichoka kufumua kabati zima la nyaya kila walipobadili muundo wa gari. Na kwa kuwa mafundi wa wakati ule walizoea michoro ya umeme, waliitengenezea lugha inayofanana na mchoro: nguzo mbili za wima na vidato katikati, ngazi kabisa, kama ya kupandia mwembe. Kila kidato ni sentensi. Ikiwa jicho halioni boksi lililokwama, na mlango wa kinga umefungwa, na hakuna aliyebonyeza kitufe chekundu, basi mota izunguke. Sema hiyo sentensi kwa Kiswahili, umeshachora kidato. Jicho likifunikwa vumbi linadhani boksi limekwama palepale, sentensi inavunjika, mota inasimama, nanyi mnakunja mikono. Mzee anaposoma laptopu anatafuta ni "ikiwa" ipi imekataa.

Jicho hilo kwa kawaida linatumia volti 24 tu. Mota zilizo upande wa pili wa kabati mara nyingi ni volti 480, na hizo hazina mzaha. Ndiyo maana mambo ya kwanza utakayofundishwa ni kufuli. Kanuni ya Marekani iliyotolewa 1989 inamtaka fundi azime chanzo cha nguvu, afunge kufuli, ahakikishe mashine imekufa kweli, ndipo aingize mkono. Kufuli ni lako, lina jina lako, ufunguo unakaa mfukoni mwako, si kwa suvaiza. Nililipenda somo hilo kuliko yote. Kwa mara ya kwanza katika nchi hii nilikuwa na kitu ambacho meneja wa kiwanda hawezi kukifungua apendavyo.

Nikuambie na ubaya wake, usije ukanilaumu. Fundi wa matengenezo anapumzika wakati wengine wanafanya kazi, na anafanya kazi wakati wengine wamepumzika. Kiwanda kikifungwa wiki ya Julai au Krismasi, ndipo mashine zinafunguliwa. Jumapili za kanisani utakosa baadhi. Simu italia usiku. Dola 31 zile zina sababu.

Kuhusu jina la chuo. Baba watoto hajakosea sana kuchanganyikiwa, maana "chuo cha jamii" kwa masikio yetu ni mahali pa kusomea maendeleo ya jamii, utoke ukahamasishe watu wachimbe vyoo. Ukitaka cha kufananisha, chukua VETA, vile vyuo vya ufundi stadi vya Tanzania, changanya na vile Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi ambavyo Tanzania ilivianzisha mwaka 1975, halafu ongeza kwamba masomo ukiyamaliza unaweza kuyahamishia chuo kikuu. Kentucky ina vyuo 16 vya namna hiyo chini ya mfumo mmoja wa jimbo, KCTCS. Cha kwenu ni Bluegrass, na karakana yake ya viwanda iko Georgetown, mji uleule ambako Toyota wanaunda magari tangu 1988. Mchukue baba watoto mwende, siku wanapokaribisha wageni. Na mkifika msisimame kwenye mapokezi kuchukua vipeperushi. Ombeni kuona karakana. Tazama sakafu: kuna chenga za chuma? Kuna harufu ya yale maji-mafuta ya kupoozea? Ukikuta mashine zinang'aa kama sebule ya wageni, uliza ziliwashwa lini mara ya mwisho.

Ile shule inayokupigia simu, iache. Chuo cha kweli hakina muda wa kukubembeleza, na mtu anayesema karatasi si tatizo lakini mkopo usainiwe wiki hii anakuambia wazi anachokitaka. Mkopo ule unaweza kukufuata hata shule ikifungwa milango.

Pesa zipo njia nyingine. Jaza FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo, ambayo ni bure, usimlipe mtu wa kukujazia. Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Kwa mwaka wa masomo 2025–26 kiwango cha juu cha ruzuku ya Pell kiliwekwa dola 7,395, nayo ni ruzuku, hairudishwi. Wanaangalia kipato na ukubwa wa familia, wenye watoto watatu hawaachwi nyuma. Ila inagawiwa kwa uzito wa masomo: somo moja la krediti 3 ni robo ya mzigo kamili wa 12, basi na ruzuku yako ni robo. Usihuzunike, kwa sababu Pell ina mwisho wake maishani, mihula 12 ya mzigo kamili, na anayeitafuna polepole haimwishii mapema. Juu ya hiyo Kentucky ina msaada unaoitwa Work Ready, unaolipia ada iliyobaki hadi krediti 60 kwa mkazi ambaye bado hana digrii na anasomea fani za kipaumbele. Ufundi wa viwanda umo. Waulize ofisi ya misaada kwa jina hilohilo, maana karani akiwa amechoka hatakutajia mwenyewe.

Kisha nenda kwa watu wa utumishi kiwandani kwako uulize kama wanalipia masomo. Sheria ya kodi inamruhusu mwajiri kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi, kwa hiyo viwanda vingi vina mpango huo hata kama hakuna anayeutangaza. Soma mkataba kabla ya kusaini. Mara nyingi wanarudishia baada ya kufaulu, na wanataka ubaki nao muda fulani; ukiondoka kabla, unalipa. Miaka miwili si mbaya. Ukiona mitano, niandikie tena.

Kuhusu Diplôme yako, nenda nayo ofisi ya udahili ikiwa na tafsiri rasmi kutoka Kifaransa, pamoja na maelezo ya kiapo kwamba majina yale mawili ni mtu mmoja. Huenda wakataka itathminiwe na shirika la kutathmini vyeti vya nje. Jaribu hivyo mara moja, kwa moyo wote. Wakikataa, usianze kutafuta mtu wa kutafuta mtu Kinshasa. Nimeona watu wamepoteza miaka mitatu na pesa za harusi kwa njia hiyo. Fanya GED, mtihani wa watu wazima wa kupata cheti kinachohesabiwa sawa na cha sekondari. Najua utasema, mimi nilishafaulu mtihani wa serikali, leo nirudi kukaa na watoto waliokimbia shule? Mitihani ni minne tu, hisabati, lugha, sayansi na jamii, unaifanya mmoja mmoja kwa wakati wako, alama ya kupita ni 145 kila mmoja. Sayansi na hisabati za Diplôme d'État zitakubeba. Kitakachokusumbua ni historia ya Marekani, nayo inasomeka. Hiyo karatasi itakuwa na jina la grini kadi, herufi kwa herufi, na hakuna atakayekuuliza tena.

Kiingereza nimekiweka nyuma makusudi. Kiingereza cha karakana ni kidogo na kinajirudia: kaza, legeza, kushoto, mzunguko, joto, uvujaji, rekebisha, badilisha. Kigumu ni kusoma kitabu cha mashine na kuandika ripoti ya mistari mitatu mwisho wa shifti. Nenda madarasa ya bure ya watu wazima, usiitumie Pell kulipia Kiingereza kama unaweza kukipata bure. Kitakachokutoa jasho kweli ni inchi. Wewe umelelewa na sentimita, hapa watakuambia tundu ni saba-kwa-kumi-na-sita. Anza leo: inchi moja ni milimita 25.4 kamili. Nunua rula yenye pande zote mbili, pima kila kitu jikoni, mwanao mdogo akuulize maswali.

Uuguzi ni kazi ya heshima na wapwa zangu wawili wanaufanya. Anayezimia kwa kidevu cha mtoto asiende huko kwa sababu akina mama wamemaliza kuchagua kitambaa cha sare.

Baba watoto je? Grisi inatoka kwa sabuni, hilo analijua, mikono yake mwenyewe ina mafuta ya foklifti. Nadhani anahesabu 31 anaiweka kando ya mshahara wake, na hesabu hiyo mwanaume haisemi kwa sauti. Usiitaje wewe. Mpelekee hesabu nyingine: nani atampokea mdogo shuleni siku ya darasa, nani atapika siku hiyo, gari litakuwa kwa nani. Mwombe siku moja tu kwa wiki, kwa muhula mmoja, halafu mkae tena mezani. Mtu huweza kukataa "chuo", lakini kukataa Jumanne ni vigumu. Na akiwa na hamu, foklifti nazo zinahitaji mafundi.

Kaka wa Nyarugusu usimkate ghafla. Mpigie, mwambie kuanzia mwezi fulani mpaka mwezi fulani zitakuja 100 badala ya 150, umtajie na sababu. Aliyekaa kambini miaka yote hiyo anaelewa kusubiri kuliko wewe na mimi. Kinachouma ni pesa kupungua bila neno.

Halafu kuna huyu kijana wa miaka 17 anayesema "Mama, nenda," ambaye naona umemtaja mstari mmoja tu. Hapo Georgetown, mwaka 2010, Toyota na chuo chenu walianzisha mpango unaoitwa FAME, ambao sasa umesambaa majimbo mengi. Mwanafunzi anakaa darasani siku mbili kwa wiki na kufanya kazi siku tatu katika kampuni iliyomdhamini, analipwa, na baada ya miaka miwili ana digrii ya asosieti na wengi wao hawadaiwi na mtu. Kwa mama wa watatu mwenye kazi ya usiku ratiba hiyo ni kamba shingoni. Kwa kijana anayemaliza high school ni mlango umeachwa wazi. Muulize kama amewahi kuusikia. Kama baba yake ameshamwandikia udaktari, msigombane sasa, mpelekeni siku hiyohiyo mtakayokwenda kutazama karakana na mumwache azunguke peke yake.

Sasa Alhamisi. Usilifute jicho mwenyewe hata kama unajua ni vumbi. Huna kufuli, na mkono ukikwama kwenye konveya hakuna atakayeuliza nani alikuwa sahihi. Nunua kidaftari cha dola moja. Kwa Alhamisi nne andika saa laini iliposimama, saa ilipoanza, mzigo wa maboksi ulifunguliwa saa ngapi, na kama siku nyingine yoyote ilisimama kwa sababu hiyo. Usiandike maoni, andika saa tu. Kisha mpe yule mzee mkononi, usimpe suvaiza, umuulize angefanya nini: alisogeze jicho, aweke kipulizio cha hewa cha kulipuliza, au maboksi yafunguliwe mbali na laini. Msikilize anavyojibu, na ukirudi nyumbani andika alichosema kwa Kiswahili. Nakala ya ukurasa huo nenda nayo chuoni siku ya kuonana na mwalimu wa mekatroniki, pamoja na Diplôme yako yenye herufi mbili za makosa.